Matembele ya Mama Bunia na nguruwe wa Nalongo

Aprili 2020 ilitukuta uani mwetu jijini Kampala, kwenye mteremko wa Nsambya unaotazama kilima cha Kibuli, tukiwa familia kumi na moja ambazo hazikujuana kwa lolote zaidi ya salamu za bombani. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona tangu Machi 20, magari ya abiria yalisimamishwa siku chache baadaye, na usiku wa Machi 30 Rais Museveni akatangaza kwamba watu wabaki majumbani kwa siku 14, ambazo baadaye ziliongezwa zaidi ya mara moja. Mimi nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya binafsi, na shule hiyo iliacha kulipa mishahara mwezi uleule. Kwa hiyo nilijikuta na muda mwingi na fedha kidogo, na ni katika hali hiyo nilipowafahamu watu ambao nilikuwa nimeishi nao ukuta kwa ukuta kwa miaka sita.

Nyumba zetu ni zile safu za vyumba vya kupanga ambavyo Kampala huitwa mizigo: mlango, dirisha, kibaraza cha kuwekea sigiri, basi. Chumba cha kwanza alikaa Nalongo, mama wa Kiganda aliyezidi miaka sitini, ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake kwa sababu aliyezaa pacha katika Buganda hukivaa cheo hicho mpaka anazikwa. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na kibanda cha mifugo, na ndani yake nguruwe wawili. Vyumba viwili kutoka kwake alikaa Hajati, Mnubi wa Bombo, mjane mpole ambaye hakupita upande wa kile kibanda hata siku moja. Mwisho wa safu alikaa Afande, askari polisi mstaafu kutoka Lango, kaskazini mwa Uganda, na pembeni yake Mama Bunia, mkimbizi kutoka Ituri, Kongo, na watoto wake watano. Juu, katika nyumba ya ghorofa ambayo haijakamilika hadi leo, waliishi vijana watatu wa Eritrea ambao tulidhani hawazungumzi na mtu, kumbe walikuwa wakingoja kuzungumziwa.

Serikali ilipoanza kugawa chakula katika Kampala na Wakiso, kila mtu alikadiriwa unga wa posho kilo 6 na maharage kilo 3. Aliyepata alishukuru, na waliopata waliwamegea waliokosa. Lakini baada ya wiki tatu za posho na maharage, asubuhi kwa jioni, watoto walianza kuugua matumbo, na Hajati akasema neno ambalo lilikuwa kichwani mwa kila mmoja wetu: mwili unataka majani. Wauza mboga sokoni walikuwa wameagizwa walale hukohuko sokoni, bei zilikuwa zimepanda, na kufika sokoni kulikuwa ni kwa miguu. Afande ndiye aliyeonyesha kwa fimbo yake kile kiwanja kilichokuwa nyuma ya vyoo, hatua thelathini kwa hatua kumi na nane, ambacho sisi sote tulikuwa tukikitumia kutupia maganda na uchafu.

Mwenye kiwanja aliishi mbali na alijibu simu kwa ukarimu ambao hatukuutarajia. Alituruhusu kulima bure mpaka atakapoanza kujenga, kwa sharti moja tu: tusipande mgomba, mbuni wala mti wa aina yoyote. Mgeni anaweza kuona sharti hilo kuwa la ajabu, lakini mtu yeyote anayeijua ardhi ya Buganda ataelewa mara moja, kwani mazao ya kudumu ndiyo ambayo mtu huyaonyesha siku anapodai fidia au haki ya kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima katika ardhi ya mwingine. Tukaahidi mboga tu. Afande, ambaye hafanyi jambo bila karatasi, alituhakikishia pia kwamba hatuvunji sheria, kwa sababu Baraza la Jiji lilikuwa limepitisha sheria ndogo za kilimo cha mjini tangu 2006, kisha akaenda kumwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, ili asije akasikia kwa watu.

Siku tatu za kwanza hatukulima udongo, tulilima kavera. Kila jembe liliposhuka lilinasa mfuko wa plastiki, na chini ya mfuko ule mwingine, na chini ya huo soli ya kiatu, chupa ya dawa, kisha kavera tena. Maji ya mvua yalikuwa hayapiti kabisa, na ndiyo maana miaka yote tulilalamikia mafuriko ya vyooni bila kujua kwamba sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumetandika jamvi la plastiki chini ya ardhi. Korongo wale wakubwa wenye vipara, ambao mjini kwetu huitwa karoli, walisimama ukutani wakitutazama kama wakaguzi, na walishuka kila tulipoondoka ili kupekua tulichokifukua.

Hapo ndipo ualimu wangu ulipoanza kuharibu mambo. Nilichora ramani ya kiwanja katika daftari, nikakigawa katika matuta manane marefu, na nikapendekeza kwamba yote yawe mali ya wote: tupande pamoja, tumwagilie pamoja, na kila Jumamosi tuvune na kugawana mafungu kumi na moja yaliyo sawa. Nilitoa hata hotuba fupi juu ya ujamaa wa Mwalimu Nyerere, ambayo naikumbuka kwa aibu. Wote walikubali, kwa sababu hakuna mtu mwenye adabu ambaye angekataa usawa hadharani. Baadaye niliona kwamba kukubali kule kulikuwa ni heshima kwa mwalimu, wala hakukuwa na maana kwamba wanakubaliana.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa samadi. Udongo wetu ulikuwa umechoka, na Nalongo, kwa moyo mweupe, alijitolea samadi ya nguruwe wake bila malipo, akaimwaga mwenyewe usiku katika matuta matatu ili atufurahishe asubuhi. Asubuhi Hajati aliyatazama matuta yale, akafunga mtandio wake vizuri, akarudi ndani. Hakusema neno. Jumamosi ya kuvuna alilipokea fungu lake kwa mikono miwili, akashukuru, na jioni nilimwona mtoto wa jirani akipewa fungu hilo lote. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Nilipomfuata na kumuuliza, alinijibu kwa sauti ya chini: "Mwalimu mwanangu, sitaki kumvunja moyo mwenzangu. Lakini mimi siwezi kula." Yeye hakuwa tayari kulalamika, Nalongo hakuwa na habari kwamba kuna la kulalamikiwa, nami, mwenye ramani, sikuwa nimejiuliza hata kidogo kwamba katika ua mmoja mbolea inaweza kuwa suala la dini.

Ugomvi wa pili haukuwa wa kimya. Mama Bunia alikuwa ameomba pembe moja ya tuta apande marando ya viazi vitamu, si kwa ajili ya viazi, bali kwa ajili ya majani yake, yaani matembele, ambayo kwao hupikwa kwa mawese na huliwa kwa ugali wa muhogo. Marando yalistawi haraka, kijani kibichi chenye kung'aa, na siku ile ambayo Mama Bunia alipanga kuyachuma kwa mara ya kwanza, aliamka akakuta yamefyekwa yote. Nalongo alikuwa ameyapeleka kwa nguruwe. Alifanya hivyo waziwazi, bila hila, kwa sababu alikolelewa marando ya viazi huwa chakula cha mifugo, na alidhani kwamba mtu aliyeyapanda bila kuyapa nafasi ya kuzaa viazi ni mgeni ambaye hajui kulima.

"Ile si majani ya nguruwe," Mama Bunia alilia pale uani, "ni mboga ya batoto yangu!" Nalongo akamjibu kwa Kiganda, maneno ambayo sitayaandika. Kiswahili alikuwa amekataa kukizungumza tangu nimjue, na alikuwa na sababu zake. Wengi wa rika lake walikisikia lugha hiyo kwenye vizuizi vya barabarani katika miaka ya sabini, kutoka kwa watu wenye bunduki, na hata tangazo la Idi Amin la 1973 la kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa halikukisaidia kupendwa katika Buganda. Mimi ambaye chakula changu kinatoka katika lugha hiyo nimezoea kukutana na nyuso zinazofumba pindi nikiifungua. Basi siku ile wanawake wawili waligombana katika lugha mbili, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ametukanwa zaidi kuliko ilivyokuwa kweli.

Kwa siku kumi hakuna aliyekanyaga bustani. Mchicha ulikomaa ukatoa mbegu, na sukuma wiki ikajaa vidukari.

Aliyetuokoa ni Afande, kwa njia ambayo nadhani aliijua kutokana na kukaa muda mrefu katika kambi za polisi, ambako watu wa makabila yote huishi katika vyumba vya bati vilivyogusana. Alituita chini ya turubai lake siku ya mvua, akasema kwamba kambini hawakuchangia sufuria hata siku moja, na ndiyo maana waliweza kuchangia bomba. "Mpe kila mtu chake kwanza," alisema, "ndipo utajua nani atakupa." Akatoa mfano wa magunia, ambayo alikuwa ameona watu wakiyalimia katika mtaa wa Namuwongo.

Tukayaacha matuta. Kila nyumba ilitafuta magunia ya kilo 100 yaliyotumika, manne au matano, na kila gunia likawa shamba la mwenyewe. Namna yake ni rahisi, lakini ina siri moja ambayo wengi huikosea. Unachukua kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, unalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto, kisha unajaza udongo uliochanganywa na mboji kulizunguka. Udongo ukifika juu ya kopo, unalivuta kopo kwenda juu na kulijaza kokoto tena, mpaka gunia lijae na katikati yake pawe na nguzo ya mawe tangu chini hadi juu. Maji yakimwagwa juu ya nguzo hiyo yanafika kila tabaka. Asiyeweka mawe humwagilia sehemu ya juu tu, na mche uliopandwa katika tundu la chini hunyauka huku mwenyewe akiapa kwamba anatia maji kila siku. Gunia moja, juu na ubavuni, hubeba miche thelathini bila shida.

Vitu vilivyobaki kuwa vya wote vilikuwa vitatu tu: maji, mbegu, na lundo la mboji. Lundo hilo lilikuwa na sheria iliyoandikwa kwa mkono wangu na kubandikwa ukutani: maganda ya matoke, majivu, majani makavu na samadi ya kuku ndivyo viingie, samadi ya nguruwe ibaki kwa mwenye nguruwe, aitumie katika magunia yake kama apendavyo. Hakuna aliyehitaji kueleza sababu. Nalongo aliisoma, akamtazama Hajati kwa muda mrefu, akasema "Kumbe," akaenda zake. Kesho yake nilimwona akiosha jembe lake kwa sabuni kabla ya kuligusa lundo, na hakuacha kufanya hivyo mpaka mwisho.

Jambo nililolitarajia baada ya hapo ni kwamba kila mtu angejifungia katika magunia yake. Kilichotokea ni kinyume, na ndicho kilichonifanya niandike. Katika miezi ya matuta ya wote hatukupeana chochote, kwa kuwa kila kilichotoka kilikuwa ni haki, na haki haina shukrani. Mtu hulipima fungu lake kwa macho na kuliona dogo kuliko la mwenzake. Katika wiki ya tatu ya magunia, Mama Bunia alimpelekea Hajati bakuli la lengalenga. Hajati akarudisha bakuli likiwa na chapati mbili, kwa kuwa chombo cha jirani hakirudi kitupu. Vijana wa Eritrea, ambao walikuwa wamepanda pilipili na giligilani peke yake, waligundua kwamba hawawezi kuishi kwa viungo bila mboga, wakaanza kushuka na kubadilishana. Bustani ilipokuwa ya wote, kila mtu aliilinda dhidi ya wengine. Ilipogawanywa, watu wakapata kitu mkononi cha kutoa.

Majina nayo yalitupa elimu yake. Niliouita mchicha, Nalongo aliuita doodo na Mama Bunia lengalenga, na ilichukua muda kabla hatujakubaliana kwamba tunazungumzia mmea uleule. Kali zaidi ilikuwa ya Afande na Hajati. Afande alikuwa amenung'unika kwa mwezi mzima kwamba hana nafasi ya kutosha ya otigo yake, na Hajati alikuwa akinung'unika vilevile juu ya kudra, mpaka siku moja wote wawili walipokuwa wakichuma kwa wakati mmoja nikaona majani yale na kusema, "Lakini huu si mlenda?" Walikuwa wakila mboga moja, wote wawili wakiipika kwa magadi, na kila mmoja alidhani mwenzake analima kitu cha ajabu. Afande alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo walilima gunia moja la mlenda kwa ubia, jambo ambalo ramani yangu haikuweza kulifanya kwa nguvu.

Januari na Februari ni miezi ya ukame Kampala, na hapo ndipo bustani yoyote ya mjini hupimwa. Jerikani moja ya maji tulinunua kwa shilingi 200, na magunia hamsini na tatu hunywa si mchezo. Mmoja wetu alishauri tuchote maji ya mfereji unaopita chini ya mteremko, ambayo ni ya bure, lakini Afande alikataa katakata, nami nilimuunga mkono: mfereji huo hupokea maji ya gereji, ya vyoo na ya kila kitu, na mboga za majani hunywa kile unachozinywesha. Tuliafikiana juu ya maji ya kuoshea mchele na mboga, na mapipa mawili ya kukinga mvua. Afande aliandika zamu katika daftari kwa mtindo wa kitabu cha kituo cha polisi, saa na dakika, "Mama Bunia ameripoti, jerikani mbili, hakuna tukio." Katika daftari hilohilo limo pia tukio ambalo hakulitatua: usiku mmoja mtu alivuna nakati zote za Nalongo, mboga ya majani ipendwayo na Waganda, kwa kisu kikali, na mpaka leo hatujui ni nani.

Mwaka 2021, barabara zilipofunguliwa, tulikwenda wanne kwenye kituo cha kilimo cha mamlaka ya jiji kule Kyanja, ambako wenyeji wa Kampala hufundishwa kulima katika nafasi ndogo. Aliyetuelekeza alizungumza Kiganda na Kiingereza, kwa ufasaha na kwa haraka, na Mama Bunia, ambaye Kiganda chake wakati huo kiliishia kwenye bei za vitu, alibaki amesimama nyuma akitazama miche. Mimi nilikuwa mbele na Afande, tukiuliza maswali ya sungura na mbolea ya mkojo wake. Nilipogeuka nilisikia sauti nisiyoitarajia. Nalongo alikuwa amemwinamia Mama Bunia na kumfasiria, sentensi kwa sentensi, kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha vitabuni. Ngeli zilikuwa zikigongana, lakini hakikwama. "Anasema hii unakata juu, inazaa tena. Using'oe." Sikuthubutu kusema kitu. Ndani ya teksi, tulipokuwa tukirudi, Mama Bunia alimuuliza alikijifunza wapi, na Nalongo akajibu huku akitazama dirishani kwamba katika ujana wake aliuza ndizi karibu na kambi ya jeshi, na kwamba mtu asiyejua kuhesabu fedha kwa lugha ya mnunuzi hurudi na kikapu kitupu. Hakuongeza zaidi, nasi hatukumchimba.

Shule zilifunguliwa Januari 2022, nami nikarudi darasani. Mwaka uliofuata mwenye kiwanja alileta mawe na mchanga, akatupa notisi ya mwezi mmoja, tena kwa adabu, na hakukuwa na la kudai kwa kuwa hatukuwa tumepanda hata mgomba mmoja. Magunia yana faida hiyo: tuliyabeba wawili wawili, kwenye mabaraza, ngazi za ghorofa, hata juu ya kibanda cha nguruwe. Lundo la mboji liligawanywa kwa mabeseni. Idadi imepungua, na baadhi ya watu wamehama. Mama Bunia alipata chumba cha bei nafuu Ndejje, akaondoka na magunia mawili juu ya pikipiki, na la tatu, la matembele, akaliacha mlangoni kwa Nalongo kwa sababu dereva wa boda alikataa kulibeba.

Wiki iliyopita nilipita pale jioni nikamkuta Nalongo amekaa kwenye mkeka, sinia mapajani, akichambua majani ya viazi na kutoa vikonyo kimoja kimoja kama nilivyomwona Mama Bunia akifanya. Aliniambia huwa anayapika kwa karanga, kwani mawese yana harufu asiyoiweza, na kwamba Mama Bunia alipokuja kumtembelea aliyaonja, akasema yameharibika, kisha akamaliza bakuli. Nikamuuliza nguruwe wanakula nini siku hizi.

"Maganda," alisema, akanisogezea upande wa pili wa sinia ili nimsaidie kuchambua.